Kifaa cha kushukia kamba: soma milimita kwanza, rangi baadaye

Malalamiko yanayonifikia siku hizi ni ya aina moja. Mtu kanunua kifaa kipya, kinang'aa, kaenda nacho Hell's Gate, kapanda jabali la Fischer's Tower vizuri kabisa. Wakati wa kushuka akajifunga, akaegemea nyuma, na hakwenda popote. Ikabidi aisukume kamba ndani ya kifaa kwa mkono, kidogo kidogo, huku wenzake chini wakimcheka. Wengi wanaoniandikia hivi ni watu wepesi wa mwili, na hilo si sadfa.

Kwa hiyo sitazungumzia gramu wala rangi. Nazungumzia maandishi madogo yaliyochongwa ubavuni mwa kifaa: unene wa kamba kinaoukubali, kwa milimita. Hakuna anayeyasoma.

Kamba nyingi tunazoshukia huku ni zile nene zisizovutika, milimita 10.5 au 11, na hazikuanza kazi jana. Zimekula vumbi, zimefuliwa, zimekauka, zimekuwa ngumu. Kamba ya 11 ikizeeka huvimba, wala haitakuja kukwambia. Tena mara nyingi hushuki kwa uzi mmoja. Unaipitisha kwenye pete za juu, unashuka kwa nyuzi zote mbili, kisha unaivuta. Msuguano unaongezeka, na mwili wako ni uleule.

Halafu kuna uzito wa kamba yenyewe. Mita moja ya kamba ya milimita 11 ina gramu 70 hadi 80. Ukiwa juu na mita 25 za nyuzi mbili zikining'inia chini yako, karibu kilo nne zinavuta upande wa breki, yaani sehemu ya kamba iliyo chini ya kifaa unayoishika kwa mkono, bila wewe kugusa kitu. Ndiyo maana mtu hukwama juu. Akikaribia ardhi uzito huo umekwisha, na kifaa kilekile kilichomgomea kinaanza kukimbia. Anayejaribu kifaa dukani kwa kipande cha kamba mpya laini hajajaribu chochote.

Chaguo langu la kwanza ni ATC-XP ya Black Diamond, na sijifichi: naipenda kampuni hii. Inakubali milimita 7.7 hadi 11, lakini sababu hasa ni kwamba ina pande mbili. Upande mmoja una meno, mwingine ni laini. Kamba nene na ngumu? Geuza, breki ipite upande laini, utateremka kama binadamu. Kamba nyembamba, au imelowa? Rudisha upande wa meno. Hakuna sehemu inayocheza, kwa hiyo vumbi halina pa kujificha.

Cha pili ni ndugu yake, ATC-Guide, au Reverso ya Petzl. Hivi vina tundu la ziada la kumshikia kamba anayekufuata ukiwa juu, na ni vya mtu anayekwenda njia ndefu za Mlima Kenya. Kama wewe ni wa majabali ya Lukenya wikendi na kurudi nyumbani jioni, unalipia tundu usilolitumia.

Cha tatu ni GriGri, ya Petzl pia, yenye mpini wa kushushia. Kwa kumshikia mwenzako kamba anapopanda, sibishani na mtu, ni kizuri mno: kamba ikivutwa ghafla kinabana. Kinakubali 8.5 hadi 11. Lakini ni uzi mmoja tu, kwa hiyo kushuka kwa nyuzi mbili sahau. Na mwenye hofu huvuta mpini mpaka mwisho, na mpini ukivutwa hivyo kamba inaachiliwa. GriGri + ina kinga ya hilo, kwa bei ya juu zaidi.

Nane, kile kipande cha chuma chenye umbo la tarakimu 8, nimeiweka mwisho ingawa inameza karibu kamba yoyote. Inasokota kamba, na kwa mtindo wa kawaida lazima uitoe kwenye karabina (pete ya chuma inayofunguka) ili kuivisha kamba, yaani dakika moja iko mkononi mwako bila kufungwa popote, juu ya jabali. Vifaa vya bei poa visivyo na jina wala milimita: pita.

Chochote utakachochukua, weka kitanzi cha prusiki, yaani uzi mwembamba unaozungushwa kwenye kamba na kuibana ukiachia mkono, kwenye kamba ya breki na ufunge fundo kila ncha ya kamba. Hilo si la kujadili.

Sasa wauzaji. Ukimuuliza unene, wengi watakujibu kwamba inaingia kamba zote. Kuingia si kushuka, ndugu yangu. Kuna duka moja hapa Nairobi lililobandika kibandiko cha bei juu kabisa ya yale maandishi ya milimita, na nilipoomba kibanduliwe nikaulizwa kama nanunua au natalii. Bei zenyewe ni za kutia uchungu. Sawa, ushuru upo na usafiri upo, lakini hilo halielezi kwa nini kifaa kilekile kinabadilika bei kulingana na viatu ulivyovaa. Na karabina wanayokupa "ya bure" ichunguze: kama haina kufuli ya kukaza, au ni nyembamba kiasi kwamba nyuzi mbili zinapandana ndani yake, waachie. Nunua yenye tumbo pana na kufuli, hata kama itabidi urudi mwisho wa mwezi.