Uzoefu wangu: kipimo cha moshi kilichomaliza harufu ya petroli kwenye IST yangu

Kwa miezi minne gari langu, Toyota IST, lilikuwa likinuka petroli, khasa nikiliegesha juani. Na kila nikitoka sheli halikubali kuwaka mpaka nikanyage mafuta hadi chini, kisha hutetemeka kama dakika nzima. Siku nyengine zote linawaka vizuri. Taa ya injini haikuwaka hata mara moja, na kompyuta ya fundi wa kwanza haikusoma kosa lolote. Akaniambia pampu imekufa. Nikanunua nyengine kwa shilingi 160,000, harufu ikabaki pale pale. Gari hilo ndilo ninalowapelekea wanangu skuli, na walikuwa wakishuka wanalalamika kichwa. Hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Jirani akanipeleka gereji moja ndogo upande wa Amani, wana mashine ya moshi. Kijana wa pale alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipotaja sheli tu akasema, "Ami, hiyo si pampu. Mvuke wako unakwenda pasipotakiwa."

Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limezimwa, na kwa joto letu hili hutoa mwingi. Mvuke huo hupita kwenye mpira hadi kopo lenye mkaa maalumu, na mkaa huunasa. Injini ikishapata moto, kompyuta hufungua vali ndogo, injini ikauvuta mvuke na kuuchoma. Vali yangu ilikuwa imekwama wazi. Nikijaza tangi, mvuke wote ulikimbilia kwenye injini nayo ikazidiwa. Aliichomoa akaipuliza kwa kipande cha mpira: hewa ikapita moja kwa moja, na bila ya umeme ilitakiwa izibe.

Lakini vali peke yake haielezi harufu, kwa hiyo akaunga mashine na kusukuma moshi mweupe ndani ya njia hiyo ya mvuke kwa presha ndogo sana, tuone unavujia wapi. Tukalala chini na tochi. Mwanzo hakuna kitu. Halafu uzi mwembamba wa moshi ukatoka juu ya tangi, mahali mpira ulipokuwa ukisuguana na mkanda wa chuma ulioliwa na kutu. Ufa wenyewe haufiki punje ya mchele.

Kipimo nimelipa 30,000, mpira 8,000 (sharti uwe wa petroli, wa maji huharibika), na vali mtumba 45,000. Vali ilibidi ije kwa boti kutoka Dar, nikakaa siku tatu bila gari, na risiti sikupewa mpaka nilipoidai. Hayo wayarekebishe. Kazi yenyewe siina neno nayo, na mwenye dalili kama zangu namsihi apime moshi kabla ya kununua kifaa chochote.

Akanikataza pia kuongeza petroli bomba likishakata lenyewe. Mimi nilikuwa nikiwaambia vijana wa sheli wajaze hadi mdomoni, kumbe petroli ikiingia kwenye kopo, mkaa unaharibika. Langu limesalimika, alhamdulillahi.

Hii wiki ya sita, nimejaza mara tano, na linawaka papo hapo. Jumamosi niliegesha Forodhani juani, vioo vimefungwa, tangu asubuhi. Nilipofungua mlango nilisikia harufu ya embe tu, aliloliacha binti yangu kiti cha nyuma.