Uzoefu wangu: ziara ya makaburi ya wafalme Saint-Denis

Kama uko Paris na huna la kufanya asubuhi, panda metro namba 13 ushuke Basilique de Saint-Denis. Kuingia kanisani ni bure. Kwenye makaburi ya wafalme ndiko wanakokata tiketi. Mimi nilijiunga na ziara ya kampuni moja ndogo ya matembezi. Hela yangu siijutii, ila nina malalamiko.

Wengi huenda kuwaona wafalme akina Louis. Nenda uwaone Wafranki, watawala wa kale wa nchi hii. Mfalme wao Clovis alipofariki mwaka 511, ufalme waligawana wanawe wanne, na mirathi hiyo ndiyo iliyozaa damu yote iliyofuata. Mwongozaji alitusimamisha kwenye kaburi la Childebert, mmoja wa hao wanne: mfalme wa jiwe, amelala kwa amani. Halafu akasimulia. Ndugu yao Chlodomer aliuawa vitani mwaka 524, watoto wake wakabaki kwa bibi yao, Clotilde. Childebert na mdogo wake Chlothar wakawachukua wale watoto kwa hila, kisha wakamtuma mtu kwa bibi na mkasi na upanga: chagua. Kwa Wafranki nywele ndefu ndiyo ilikuwa alama ya ufalme. Ukinyolewa, kiti huna tena. Bibi kwa uchungu akasema afadhali wafe kuliko kunyolewa. Wawili wakachinjwa na ami yao Chlothar. Wa tatu, Clodoald, alitoroshwa, akajinyoa mwenyewe akawa mtawa. Mji wa Saint-Cloud ni jina lake. Kundi zima kimya, na mimi ndipo nilipoona thamani ya kulipia mtu wa kusimulia, maana kibao cha pale peke yake kisingekuambia hayo.

Kaburi la Fredegund usilipite haraka. Ni bamba la karne ya 12, vipande vidogo vya mawe ya rangi vilivyotenganishwa kwa nyuzi za shaba. Taji lipo, vazi lipo, ila uso ni mtupu kabisa. Inadhaniwa ulikuwa umechorwa kwa rangi ikafutika. Huyu alianza kama mjakazi wa mfalme Chilperic, mjukuu wa Clovis. Malkia Galswintha, mke wa Chilperic, alipokutwa amenyongwa kitandani, Fredegund akaolewa na mfalme, na dada wa marehemu, Brunhild, akawa adui yake wa kufa.

Hapo ndipo nilipokwazika. Mwongozaji alimsimulia Fredegund kama mchawi wa hadithi, bila kusema kwamba sehemu kubwa ya habari hizi imetoka kwa askofu Gregory wa Tours, aliyemwita Chilperic Nero na Herode wa zama zao. Shahidi wa namna hiyo unamtajia msikilizaji mapema.

Kibaya zaidi, mwaka 754 Papa Stephen II alimpaka Pepin, mfalme wa ukoo mpya, mafuta papa hapa Saint-Denis, pamoja na wanawe wawili, miaka mitatu baada ya Childeric III, wa mwisho wa ukoo wa Clovis, kunyolewa na kupelekwa utawani. Mkasi uleule! Habari hiyo yote tukapewa kwa sentensi mbili, kisha tukakalishwa muda mrefu kwa Louis XVI na Marie-Antoinette, ambao kila mtu anawajua.

Nyota nne. Ya tano wataipata wakimpunguzia Louis muda, wamalizie habari ya Brunhild, aliyeuawa mwaka 613 kwa kuburutwa na farasi kwa amri ya mtoto wa Fredegund. Sisi tuliachwa tuitafute wenyewe.