Duka la zawadi na gari la gurudumu moja pungufu

Desemba 2021, mizigo kutoka China ilipochelewa kwa uhaba wa makontena na nauli za meli kupanda, niliingia katika duka moja la zawadi jijini Mbeya nikakuta rafu nusu tupu na bei zisizoshikika. Gari la kuchezea nililomnunulia mpwa wangu lilichomoka gurudumu kabla pilau ya Krismasi haijaiva, na muuzaji, ambaye kwa haki niseme ni mpole, alikataa kulibadilisha kwa kuwa boksi lilikwisha kufunguliwa, kana kwamba mtoto angelichezea likiwa ndani yake.

Tangu hapo zawadi zangu ni mchele wa Kyela, kahawa ya Mbozi na vikapu vya milulu vinavyosukwa Iringa. Kikapu nilichompa mama bado kinakwenda naye sokoni kila Jumamosi. Mshikio umelegea, lakini msuko umebana kiasi kwamba hata dagaa hawapenyi.

Duka lile silipendekezi, ingawa karatasi yao ya kufungia zawadi ni imara: niliitandika kwenye droo ya kabati, na ipo mpaka leo.