Joto au boroni dhidi ya dumuzi wa mbao

Joto la nyuzi 55 za Selsiasi, likifika hadi kiini cha ubao na kudumu humo kwa takriban saa moja, huua mayai, mabuu na dumuzi waliokomaa kwa pamoja, ila haliachi kinga yoyote, na huweza kulegeza gundi ya samani za kale. Dawa ya boroni, yaani chumvi ya madini inayoyeyushwa na kupakwa mbaoni, hupenya ubao mtupu tu, si uliopakwa vanishi, wala haiwafikii kwa urahisi mabuu waliozama ndani, ambao huweza kutafuna kwa miaka kadhaa kabla ya kutokeza nje. Hata hivyo, hubaki mbaoni ikilinda, mradi pawe pakavu. Kwa kenchi za paa ningechagua boroni. Kwa kigoda kisicho na gundi, joto. Matundu ya zamani yasiyomwaga unga mpya, aghalabu, hayahitaji tiba yoyote.