Rivyu: kampuni ya ripoti za ajira (nyota mbili, na moja ni ya sheria si yao)

Naandikia manesi wenzangu mlioko Dallas na viunga vyake, iwe uko Arlington, Irving, Grand Prairie au Fort Worth, na nyie mlio bado nyumbani mnasubiri viza someni pia maana mtakutana nayo tu. Hii ni rivyu ya huduma ambayo hujaiomba wala hujailipia: kampuni ya ripoti za ajira, ile inayotumwa na hospitali ikachimbe ulifanya kazi wapi, ulianza lini na ulitoka vipi. Iliyonishughulikia mie siitaji jina, na nikisikiliza wenzangu waliopitia kampuni nyingine naona ni yaleyale.

Inavyoenda ni hivi. Unaenda intavyu, manija wa wodi anakupenda, rikruta anakupigia kabla hujafika nyumbani, mshahara mnakubaliana, shifti za usiku unakubali, kumbe ofa yenyewe ina masharti: mkojo, chanjo, TB, alama za vidole, halafu bekgraundi, yaani kuchunguzwa historia yako. Unatumiwa linki, unajaza waajiri wako wote tangu ulipokuwa CNA (msaidizi wa nesi), unasaini ule ukurasa wa kutoa ruhusa ambao hakuna mtu anayeusoma, basi, kuanzia hapo wewe unangoja tu. Kastama wao ni hospitali, ndiyo inayolipa, na ukishalielewa hilo mengine yote hayatakushangaza, kwa mfano kwamba hospitali ikipiga simu inapokelewa na mtu na wewe ukipiga unapokelewa na muziki.

Mie ofa yangu ilikwama hapohapo. Rikruta aliyekuwa ananitumia meseji na vikaragosi vya kucheka akanyamaza kimya, kisha ikaja barua kwa imeili, ndani mna nakala ya ripoti na karatasi ya haki zangu. Hapa nitoe ile nyota moja, ingawa ni ya sheria. Marekani kuna sheria ya tangu 1970, Fair Credit Reporting Act, watu wanadhani ni ya mikopo na kadi za benki tu lakini ripoti ya ajira nayo imo: mwajiri akitaka kukunyima kazi kwa sababu ya kilichoandikwa humo lazima akupe nakala na ile karatasi ya haki KABLA hajakunyima. Bila hiyo barua ningejua tu kwamba "wameamua kuendelea na mwingine".

Sasa hebu tuifungue ripoti. Kurasa nyingi hazina neno, leseni safi, mahakamani safi, halafu ndani huko kuna mstari mmoja wa nyumba ya kutunza wazee niliyofanya kazi kabla sijamaliza RN (nesi kamili aliyesajiliwa). Cheo: CNA. Tarehe ya kuanza iko sawa, ya kutoka imekatwa miezi kadhaa. Sababu ya kutoka: ameacha bila notisi. Kuajiriwa tena: HAPANA. Aliyethibitisha: HR (ofisi ya wafanyakazi), basi, hana jina wala cheo. Mie pale niliingia kama CNA kweli lakini nikapata LVN (leseni ya uuguzi iliyo chini ya RN) nikiwa palepale, nikatoka kama LVN, na notisi niliandika na imeili ninayo. Kumbe katikati nyumba ile iliuzwa, wenyewe wapya wakarithi kompyuta, watu waliokuwa wananijua wote wametawanyika, na kompyuta ikabaki inamkumbuka yule CNA wa siku ya kwanza.

Cheo na tarehe ni mambo madogo, hayo yana ushahidi. Shughuli pevu iko kwenye hicho kisanduku cha mwisho. Hapa Texas waajiri wengi wa hospitali wanaogopa kesi, kwa hiyo ukiwapigia uliza habari za nesi aliyetoka kwao watakupa tarehe, cheo, na jibu la "mngemchukua tena?" na zaidi ya hapo hawafungui mdomo, ingawa sheria ya Texas yenyewe inamkinga mwajiri anayesema ukweli kuhusu utendaji wa mtu, mradi hasemi uongo anaoujua wala hana nia mbaya. Matokeo yake kile kisanduku kinabebeshwa kila kitu. Aliyeiba dawa za maumivu, HAPANA. Aliyempiga mgonjwa, HAPANA. Aliyeacha wakati wa orientesheni kwa sababu alipewa wagonjwa kupita kiasi siku ya pili, HAPANA. Nesi wa kuitwa akihitajika ambaye hakutimiza shifti zake za mwezi maana mtoto aliumwa, HAPANA hiyohiyo. Manija anayesoma hajui wewe ni yupi kati ya hao, na ana maombi mengine kwenye meza, unadhani atasumbuka?

Na msije mkaniambia basi hizi ripoti zifutwe, la hasha. Sote tumesikia habari za Charles Cullen, nesi aliyezunguka hospitali za New Jersey na Pennsylvania kwa miaka 16 mpaka alipokamatwa Desemba 2003, akakiri kuua wagonjwa 29. Sehemu alizopita kuna waliomshuku, wakamwacha aondoke kimyakimya, na hospitali iliyofuata ikiuliza inaambiwa alianza lini akatoka lini. Ndiyo maana New Jersey ikatunga sheria mwaka 2005 ya kuwalazimisha waajiri wa afya kutoa taarifa na kujibu ukweli wanapoulizwa na wenzao. Kwa hilo niko nao kabisa, mamangu mzazi akilazwa nataka anayemchoma sindano awe amechunguzwa. Lakini HAPANA isiyo na maelezo haimlindi mgonjwa yeyote, maana haimwambii mwajiri mpya achunge nini, na wakati huohuo inamfungia mlango mtu ambaye kosa lake ni kugombana na msimamizi kuhusu ratiba.

Halafu kuna waajiri wenye chuki, tusijitie hamnazo. Texas hiihii, mji wa Kermit huko Winkler County, mwaka 2009 manesi wawili waliandikia bodi ya madaktari kuhusu daktari waliyemwona ni hatari kwa wagonjwa, wakafukuzwa kazi na juu yake wakafunguliwa mashtaka ya jinai! Mmoja alifutiwa, mwingine akasimama kizimbani Februari 2010 na jopo likamwachia, baadaye wakalipwa dola 750,000 wote wawili kumaliza madai. Sasa jiulize kisanduku chao mwajiri yule angekijaza vipi.

Turudi kwa huduma. Nilipinga. Simu haikunisaidia kitu, kila anayepokea anaanza upya kuniuliza tarehe ya kuzaliwa na mwisho anasema tumia tovuti, tovuti nayo ina sehemu ndogo ya kuandika malalamiko utadhani unaandika anwani kwenye bahasha. Nikaandika barua ya posta ya kusainiwa ikipokelewa, nikaambatanisha W-2 (fomu za mwaka za mshahara na kodi) za miaka ile, slipu ya mwisho ya mshahara, chapa ya leseni yangu ya LVN yenye tarehe iliyotolewa, na imeili ya notisi. Sheria inawapa siku 30 kuchunguza, zinaweza kufika 45 ukileta karatasi mpya katikati, kwa hiyo kusanyeni kila kitu mtume kwa mkupuo mmoja. Walijibu ndani ya muda, hilo siwanyimi. Cheo wakarekebisha, tarehe wakarekebisha, "bila notisi" wakaiondoa. HAPANA ikabaki. Jibu lao: mwajiri ameithibitisha.

Hapo ndipo manesi wengi hawaelewi, nami nalirudia kwa herufi kubwa: KAMPUNI INAREKEBISHA KISICHO SAHIHI, HAIONDOI KISICHO CHA HAKI. Mwajiri akisema hatakuchukua tena, hayo ni maamuzi yake, na kampuni ikimuuliza akarudia lilelile, kwao faili ni sahihi. Kilichobaki kwako ni viwili, uende kwa mwajiri mwenyewe uombe abadilishe (wapya hawa waliniambia hawana rekodi ya kuniondolea wala ya kuniwekea, sasa hiyo HAPANA waliisoma wapi?), au uweke maelezo yako kwenye faili. Maelezo hayo wanaweza kukuwekea kikomo cha maneno 100, kwa hiyo usianze hadithi ya maisha. Yangu yanasema nilitoa notisi kwa maandishi, nyumba ikauzwa, nakala ninayo ukitaka, na namba ya msimamizi wangu wa zamani aliyekubali kupigiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa imekwenda. Sheria inamtaka mwajiri akupe nakala kabla ya kukukataa, lakini haisemi akungoje siku ngapi, na wodi yenye upungufu haingoji mwezi mzima kwa ajili ya barua yako. Nikaingia hospitali nyingine, ndogo, malipo chini kidogo, na safari hii yale maelezo na imeili ya notisi nilimpa manija palepale kwenye intavyu kabla hajasoma kwingine. Aliangalia, akauliza swali moja, tukaendelea na mambo ya shifti.

Kwa hiyo ushauri wa bure: omba faili lako kabla hujaomba kazi. Kampuni za aina hii zinazofanya kazi nchi nzima na kutunza historia za ajira zinatakiwa kukupa nakala bure mara moja kila miezi 12, na ukinyimwa kazi kwa sababu ya ripoti una siku 60 za kuomba nakala bure kwa aliyeiandika. Anza na The Work Number ya Equifax, hazina ya taarifa za ajira na mishahara, huko ndiko waajiri wengi wanapeleka taarifa za malipo yenu na nyie hamjui, mimi kuona mshahara wangu umepangwa pale kipindi kwa kipindi nilishtuka. Unaweza kulifunga faili lile lisionekane, ila kumbuka kulifungua ukitaka mkopo wa nyumba.

Kuna hazina nyingine za taarifa za kulinganisha nazo pia. Nursys, ya muungano wa bodi za uuguzi, hiyo nawapa nyota tano bila kusita: bure, unaingia, unaona leseni yako kama mwajiri anavyoiona, na ukijiandikisha e-Notify inakupa taarifa leseni ikikaribia kuisha au hali yake ikibadilika. Lakini inajua leseni na adhabu za bodi tu, habari za kazi ulizofanya haina. NPDB, ile hazina ya taifa ya adhabu na malipo ya kesi za wahudumu wa afya, iliyofunguliwa 1990, watu wa kawaida hawaioni ila hospitali zinaiuliza, na wewe unaweza kujiulizia mwenyewe kwa ada ndogo. Kuachishwa kazi peke yake hakukupeleki huko, kunakokupeleka ni mambo kama bodi kugusa leseni yako au malipo ya kesi ya uzembe. Nyie ma-CNA mna lenu, Employee Misconduct Registry ya Texas, humo jina likiingia kwa kutesa au kutelekeza mgonjwa kazi za nyumba za wazee ndiyo basi tena, kwa hiyo ikija barua ya tuhuma ifungueni siku hiyohiyo mjibu, msiiweke juu ya friji.

Majina, jamani. Sisi pasipoti ina majina matatu, leseni ina mawili, W-2 ina la mume. Mwenzangu mmoja, jina lake kule kwetu liko kila mtaa, ripoti yake ilikuja na kesi ya mtu mwingine kabisa kutoka kaunti ambayo hajawahi kukanyaga. Hiyo iliondolewa haraka maana tarakimu za mwisho za namba ya utambulisho hazikulingana, lakini alishalala wiki kadhaa hana raha. Jaza majina yako yote uliyowahi kutumia, na yawe kwa mpangilio mmoja kila fomu.

Na nyie wa nyumbani, kabla hamjaondoka dai cheti cha huduma. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe, kina tarehe ya kuanza, ya kutoka na kazi uliyofanya, na hakina kisanduku cha kuajiriwa tena. Hospitali ikikuzungusha kalale mlangoni kwao, maana ukishafika huku na yule metroni akastaafu, hakuna atakayeinua simu saa tisa usiku kumjibu mtu wa Texas.

Jumla basi: kasi kwa hospitali, nzuri. Kasi kwa nesi, mbovu. Kurekebisha tarehe na vyeo, wanaweza ukiwa na karatasi. Kuongea nao kwa simu, poteza muda wako kwingine. Na kuna jamaa wameanza kupita kwenye magrupu ya WhatsApp wanaahidi "kusafisha" faili la kazi kwa malipo, msiwape hata senti, hawana mlango wa kuingilia ambao nyinyi hamna, barua ile ya kupinga mnaandika wenyewe na kinachowagharimu ni stempu.