Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika, miezi minne mama anaitumia

Asalaam alaykum jamani, nilipokuwa naitafuta hii mashine sikupata mtu wa kunambia ukweli wake, basi naandika mimi.

Mama yupo Wete, Pemba, ana makovu kwenye mapafu, na mwaka huu eko ya moyo (ile picha ya mawimbi ya sauti) ikaonesha na presha ya mapafu juu yake. Si ile presha ya kupimwa mkononi, mkononi yeye ana 120 kwa 80, ndo maana siku zote tukiambiwa hana presha na huku miguu inavimba na akenda chooni tu anarudi anahema. Daktari katufahamisha kuwa oksijeni ikipungua mishipa ya mapafu inajibana, moyo upande wa kulia unasukuma kwa nguvu mpaka unachoka.

Tumeinunua mjini Unguja tukaivusha kwa boti. Haijazwi gesi, inavuta hewa ya chumbani na kutoa oksijeni asilimia 90 na kitu. Na kazi inafanya wallahi. Zamani kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kinasoma asilimia 93 akiwa kakaa, akifika jikoni 82, sasa kwa lita 3 alizopangiwa na daktari hashuki chini ya 90 na usiku analala, hakai tena kitako mpaka alfajiri. Kwa hiyo mpimeni mgonjwa akitembea pia, akikaa tu inakudanganya. Makovu yenyewe haiyatoi, hilo mjue. Ya hiyo presha ya mapafu ipo dawa ya kuvuta, treprostinil, Marekani waliipitisha 2021 kwa wagonjwa wa namna hii, tumeiulizia hatujaipata.

Dukani hawakunifurahisha. Hawakutwambia filta ya nyuma inaoshwa kila wiki, mwezi wa pili naitoa imejaa vumbi kama pamba ya mto! Wala hawakutaja mtungi wa oksijeni wa akiba, na umeme ukikatika mashine inazima hapo hapo, tumejua siku ilipotokea saa nane za usiku. Tukuza nayo, huu umeme wetu wa kulipia kabla, inakwisha mbio.

Na udi jamani. Ijumaa wifi yangu kaingia chumbani na chetezo kama kawaida yetu, nikamtoa mbio mbio, oksijeni na moto havikai pamoja na ule moshi kwa mapafu kama yale ni adhabu.

Mrija waliotupa ni mfupi, mama anaishia mlangoni. Nishaagizia wa mita saba, ukija atafika barazani akae na wenzake.