Kabla hujanunua cha kunyonya unyevu: kipi kwanza, kipi ukiache dukani

Mvua ikinyesha wiki nzima, ukifungua kabati unapokelewa na harufu ya uvundo. Viatu vya ngozi vimeota ukungu, kurasa za vitabu zimejikunja, na shati lililowekwa safi lina vidoadoa vyeusi kwenye kola. Hapo wengi hukimbilia kopo la kunyonya unyevu, wakaliweka kabatini na kufunga mlango. Nimefanya hivyo miaka mingi. Kasoro ni kwamba mlango wa kabati hauzuii hewa: kopo linanyonya huku hewa mbichi ikipenya upya, na kazi haiishi. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa swali moja: kifaa hiki kinaifungia nje hewa yenye maji, au kinashindana nayo tu?

Kabla ya chochote, nunua kipimaunyevu kidogo cha dijitali. Ukungu hustawi pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70. Wewe lenga kati ya 40 na 55. Vipimo vya bei rahisi havikosi kudanganya, lakini unaweza kuvibana. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo hadi iwe uji mzito, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, usiku kucha. Asubuhi kipimo kinapaswa kusoma 75. Kikisema 70, ujue kila siku unaongeza tano.

Nafasi ya kwanza: sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na silika jeli

Tazama mpira, si unene wa plastiki. Uwe umezunguka mfuniko wote bila kukatika, na vibanio viwe pande zote nne. Vikiwa viwili tu, pembe huachia. Masanduku mengi mazuri kwa macho hayana mpira kabisa.

Silika jeli, yaani punje zinazonyonya unyevu, hununuliwa kwa uzito. Vile vipakiti vya gramu mbili vinavyokuja na viatu ni mapambo tu ukivitupia kwenye sanduku la nguo. Hewa iliyomo ndani ya sanduku la lita 50 hubeba takriban gramu moja tu ya maji; maji mengi yamo kwenye nguo zenyewe. Pamba inayoonekana kavu kabisa, hata siku ya unyevu wa kawaida, huwa na maji karibu asilimia 7 au 8 ya uzito wake, yaani kilo tano za nguo zina zaidi ya gramu 350. Basi zianike juani au zipige pasi, ziache zipoe, ndipo uzifungie na gramu 200 hadi 300 za silika.

Chagua punje zinazobadilika rangi ili ujue zimeshiba lini. Za bluu zinazogeuka waridi hutiwa kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu. Penye watoto chukua za rangi ya chungwa. Zikishiba, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 120 hivi, saa mbili au zaidi, na utazitumia tena na tena.

Nafasi ya pili: mashine ya kuondoa unyevu

Hii ni ya chumba kizima, na madirisha yafungwe. Penye joto chukua ya kompresa, yaani inayopoza hewa kama friji ili maji yadondoke. Chumba kikiwa chini ya nyuzi 15 huanza kuganda barafu ndani na kulegea. Lita za maji kwa siku zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kwa hiyo kwako zitapungua. Vile vidogo visivyo na kompresa, vinavyovuta chini ya nusu lita kwa siku, mimi nisingenunua.

Nafasi ya tatu: makopo na mifuko ya kloridi ya kalsiamu

Hunyonya sana, kuliko uzito wake wenyewe, ila hugeuka maji ya chumvi. Mfuko mmoja uliwahi kunivujia juu ya mkoba wa ngozi, doa halikutoka. Maji hayo pia hula chuma. Tundika mahali pasipo na kitu chini, wala usiweke ndani ya sanduku la kamera au vyombo vya umeme.

Nafasi ya nne: mifuko ya kufyonza hewa

Inafaa blanketi na sweta, mradi ziwe kavu. Ukifungia unyevu umeufungia na ukungu wake. Ngozi hujikunja humo, na jaketi za manyoya zikikaa muda mrefu hupoteza ule wepesi wake.

Katoni sizipi nafasi hata moja, maana karatasi yenyewe hunywa maji. Na sanduku lolote lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta wa nje, ambao huwa baridi na kutoa jasho. Liinue kwa vipande vya mbao, liachie upenyo wa vidole vichache.

Mkiani: mchele, makaa na chumvi

Mchele na makaa hunyonya kidogo mno. Chumvi nayo haianzi kuvuta maji mpaka unyevu upite asilimia 75, wakati ukungu umeshaanza kuota. Itunze kwa kupimia kipimo chako.